Sura ya Saba: Picha Moja Kila Dakika Tano

Mwaka 1901, kampuni ya filamu ya American Mutoscope and Biograph ya New York ilirekodi kubomolewa kwa jumba la Star Theatre, lililosimama kwenye kona ya Broadway na mtaa wa 13. Kamera iliwekwa mahali pamoja na kuunganishwa na kifaa cha umeme kilichoiamuru ipige picha moja kila baada ya dakika nne, kwa muda wa saa nane kwa siku, takriban mwezi mzima. Filamu ilipoonyeshwa, watazamaji waliona kuta zikishuka ghorofa baada ya ghorofa mpaka uwanja ukabaki mtupu. Kazi ya wiki nyingi ilikwisha mbele ya macho yao kwa muda mfupi.

Vilivyohitajika wakati ule ndivyo vinavyohitajika leo: kamera isiyosogea, saa ya kuaminika na mahali pa kuhifadhi picha. Kilichobadilika ni bei. Kampuni ya Axis ya mjini Lund, Sweden, ilipoleta sokoni kamera ya kwanza ya mtandao mwaka 1996, kamera hiyo ilitoa picha moja kila baada ya sekunde 17. Kwa mlinzi, kasi hiyo ni duni. Kwa kazi ya sura hii ingetosha na kubaki. Leo kamera bora kuliko ile zinatundikwa kwenye mageti na maduka ya miji yetu yote, na nyingi hazijawahi kuombwa kufanya zaidi ya kusubiri mwizi.

Tutaifanya kamera kama hiyo itengeneze video ya taimulapsi, yaani picha zilizopigwa kwa nafasi ndefu kisha zikaonyeshwa kwa haraka. Mfano wetu ni nyumba inayojengwa. Mwenye nyumba yuko Muscat au Toronto, mafundi wako Kibaha, na taarifa zinakuja kwa WhatsApp pale fundi anapokumbuka. Kamera moja juu ya nguzo inaweza kumwonyesha siku msingi ulipochimbwa, siku jamvi lilipomwagwa, boma lilivyoinuka na paa lilivyopauliwa. Lakini hatua ni zilezile kwa anayetaka kurekodi shamba la mpunga, maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, au bonde linavyobadilika kati ya kiangazi na masika.

Kazi mbili, si moja

Jambo kubwa la sura hii ni hili: kupiga picha ni kazi moja, na kuziunganisha ziwe video ni kazi nyingine. Usizichanganye.

Zipo programu zinazofanya yote mawili. Motion, programu huria ya Linux, ina mpangilio unaoiamuru ichukue fremu kila baada ya sekunde kadhaa na kuiongeza moja kwa moja kwenye video. Kamera nyingine zina uwezo huo ndani yake. Ni njia nyepesi, na kwa video ya siku moja haina ubaya. Tatizo ni kwamba programu inakuamulia mapema mambo ambayo bado huyajui: kasi ya video, ukubwa wake, siku zipi zibaki na zipi ziondolewe. Video ikishatengenezwa na picha za awali zikawa hazipo, huwezi kurudi nyuma.

Watafiti wa mradi wa PhenoCam nchini Marekani wanaonyesha faida ya njia ya pili. Tangu mwaka 2008 wamekuwa wakitumia kamera za mtandao zilizofungwa juu ya minara kutazama misitu, mbuga na mashamba. Kila baada ya nusu saa kamera hutuma picha moja kwenye seva, ikiwa na tarehe na saa katika jina lake. Kwa kupima kiasi cha kijani katika kila picha wanajua majani yamechipua lini na yamepukutika lini. Kwa kuwa picha zenyewe zimehifadhiwa na ziko wazi kwa umma, mtafiti mwenye swali jipya anaweza kuzifungua upya na kulitafutia jibu.

Mwenye nyumba naye atakuwa na maswali ambayo hajayafikiria. Nondo za linta zilifungwa kabla zege halijamwagwa? Saruji ililetwa siku gani? Video nzuri ya dakika mbili haiwezi kujibu. Folda la picha linajibu.

Hesabu kwanza

Kabla ya kugusa waya, kaa chini na kalamu. Picha moja kila dakika tano, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja kasoro dakika tano jioni, ni picha 156 kwa siku. Video ya kawaida hutumia fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo siku nzima ya kazi inakuwa sekunde sita na ushei. Ujenzi wa siku 180 unatoa picha 28,080, ambazo ni karibu dakika 19 za video. Hakuna atakayetazama dakika 19, lakini ukichukua picha moja katika kila tisa unapata dakika mbili safi.

Upande wa hifadhi, kama kila picha ina kilobaiti 500, miezi sita yote inaingia katika gigabaiti 14. Diski ya bei nafuu kabisa inatosha mara nyingi. Hesabu ya bando ndiyo inayoshangaza. Kamera inayorusha video mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 1.8 kwa saa, zaidi ya 43 kwa siku. Picha zetu 156 ni megabaiti 78 tu. Ndiyo maana kompyuta inayokusanya picha inapaswa kukaa palepale saiti, kwenye mtandao mmoja na kamera, na picha pekee ndizo zisafiri. Programu ya rsync itazipeleka usiku kwa mwenye nyumba, ikibeba zile mpya tu na kuziacha zilizokwishafika.

Kwa kompyuta hiyo, Raspberry Pi inatosha. Ni ndogo, inakula umeme kidogo na inaendeshwa na Linux. Ifunge kwenye sanduku lisiloingiza maji, iunganishe na diski ya nje kwa USB, na uiunganishe na kamera kwa waya wa mtandao. Waya huo unaweza kufika mita 100, na ukitumia swichi ya PoE unabeba umeme wa kamera humohumo.

Kuichukua picha moja

Kamera nyingi za IP huzungumza kwa RTSP, utaratibu wa kurusha video uliowekwa rasmi mwaka 1998, na hupokea wageni kwenye mlango namba 554. Anwani kamili hutofautiana kwa kampuni. Kamera za Hikvision hutumia njia inayoishia na /Streaming/Channels/101. Za Dahua hutumia /cam/realmonitor?channel=1&subtype=0; za Axis hutoa picha moja kwa moja kupitia /axis-cgi/jpg/image.cgi. Ya kwako itafute kwenye kitabu cha maelekezo cha kamera.

Atakayekwenda kuichukua picha ni ffmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na ambayo leo imo ndani ya programu nyingi za video duniani. Andika faili hili na uliite piga.sh:

#!/bin/bash
mountpoint -q /mnt/diski || exit 1
SIKU=$(date +%Y-%m-%d)
SAA=$(date +%H%M%S)
mkdir -p /mnt/diski/picha/$SIKU
timeout 30 ffmpeg -nostdin -n -loglevel error -rtsp_transport tcp -i "rtsp://mtazamaji:NYWILA@192.168.1.50:554/Streaming/Channels/101" -frames:v 1 -q:v 2 /mnt/diski/picha/$SIKU/$SAA.jpg

Ni mistari michache, lakini kila mmoja unazuia balaa fulani, na inafaa kuipitia mmoja mmoja.

Mstari wa pili unauliza kama diski ya nje imeunganishwa kweli. Bila swali hilo, siku diski itakapochomoka programu itaunda folda lenye jina lilelile ndani ya memori kadi ya Raspberry Pi na kulijaza kimyakimya mpaka mfumo mzima ukwame.

Tarehe imeandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa mpangilio huo, faili zikipangwa kwa herufi zinakuwa zimepangwa pia kwa wakati, na hutahitaji programu nyingine ya kuzipanga siku ya kutengeneza video.

Neno timeout linampa ffmpeg sekunde 30. Kamera ikining'inia bila kujibu, ffmpeg anaweza kusubiri bila mwisho. Baada ya dakika tano atakuja mwenzake asubiri naye, na kufikia jioni kompyuta imejaa wasubiriji. Herufi -n inakataza kuandika juu ya picha iliyopo. Na -rtsp_transport tcp inalazimisha kila kipande cha data kifike. Njia ya UDP inaruhusu vipande kupotea, na matokeo yake ni picha zenye nusu ya chini ya kijivu, kama rangi iliyopakwa kwa kiganja.

Lipe faili ruhusa kwa amri ya chmod 700 piga.sh, ili mtu mwingine yeyote mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo asiisome nywila. Kisha liendeshe kwa mkono. Ukiona picha kwenye folda, fungua uitazame. Usiendelee mbele mpaka picha moja imetoka vizuri.

Saa

Anayempigia ffmpeg kengele ni cron, mtunza ratiba wa Linux. Andika crontab -e, na mwishoni mwa faili litakalofunguka weka mstari huu:

*/5 6-18 * * * /home/pi/piga.sh

Maana yake ni kila dakika tano, kuanzia saa ya 6 hadi ya 18, kila siku. Kompyuta inahesabu kutoka usiku wa manane, hivyo 6 yake ni saa kumi na mbili yetu ya asubuhi na 18 ni saa kumi na mbili ya jioni. Mzunguko wa mwisho unaanza 18:55. Ukanda wetu una bahati hapa. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti kati ya mwezi na mwezi haifiki saa moja. Ratiba moja inatosha Januari hadi Desemba.

Usiweke amri ya date ndani ya mstari wa cron. Humo alama ya % ina maana nyingine kabisa, ya kukata mstari, na amri itavunjika. Ndiyo sababu tumeiweka tarehe ndani ya piga.sh.

Halafu kagua kanda ya saa. Kompyuta nyingi mpya huanza zikiwa kwenye saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiiacha hivyo, kamera yako itaanza kazi saa tatu asubuhi, mafundi wakiwa wamekwishamwaga zege nusu, na itaendelea kupiga giza mpaka karibu saa nne usiku. Amri moja inarekebisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Jambo la mwisho kuhusu saa linahusu umeme. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Umeme ukirudi, kompyuta inaendelea na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho mpaka itakapoupata mtandao na kujisahihisha. Kama saiti haina intaneti, haitajisahihisha kamwe, na picha za Jumatano zitajiandika Jumanne. Dawa ni kifaa kidogo cha saa chenye betri, kama DS3231, kinachochomekwa kwenye pini za Raspberry Pi. Ongeza UPS ndogo itakayobeba kamera, swichi na kompyuta kwa saa chache, kwa kuwa kuikatia umeme ghafla mara kwa mara ndiko kunakoharibu memori kadi.

Mwanga na mahali

Programu nzuri haiokoi kamera iliyofungwa vibaya. Nguzo ikitikiswa na upepo, video yote itatetemeka. Tumia bomba nene lililochimbiwa kwa zege, au ukuta wa jirani kwa idhini yake, na uiweke juu kiasi ambacho paa likishapauliwa halitaziba mandhari yote.

Epuka kutazama mashariki au magharibi, jua lisije likaingia kwenye lenzi asubuhi au jioni. Dar es Salaam, kuanzia mapema Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kamera inayotazama kusini ina mwanga mgongoni sehemu kubwa ya mwaka.

Kwenye mipangilio ya kamera, badilisha mambo matatu. Kwanza, funga mizani ya rangi badala ya kuiacha ijirekebishe yenyewe. Ukuta uleule usiwe wa bluu saa moja asubuhi na wa njano saa nane mchana. PhenoCam hufanya hivyo kwenye kamera zao, maana bila rangi iliyofungwa kijani cha leo hakiwezi kulinganishwa na cha mwezi ujao. Pili, lazimisha kamera ibaki kwenye hali ya mchana, vinginevyo mawingu mazito ya jioni yataifanya igeuke nyeusi na nyeupe katikati ya kazi. Tatu, zima taa za infraredi. Hatupigi usiku, na taa hizo huvuta wadudu. Wadudu huvuta buibui, naye buibui hutandaza utando mbele ya lenzi. Hata hivyo, mtu aifute lenzi mara moja kwa wiki, maana vumbi la saiti halina simile.

Kuunganisha

Siku ya kukabidhi nyumba imefika na picha zote zipo. Sasa ndipo video inatengenezwa, kwa amri moja:

ffmpeg -framerate 25 -pattern_type glob -i '/mnt/diski/picha/*/*.jpg' -vf "select='not(mod(n,9))',setpts=N/25/TB,deflicker=size=10,scale=1920:-2" -r 25 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p nyumba.mp4

Sehemu ya select inachagua picha moja katika kila tisa, na setpts inazipangia muda upya ili zifuatane bila mapengo. Deflicker inapunguza kupepesa kunakoletwa na mawingu yanayopita, kwa kusawazisha mwanga wa kila picha na wa jirani zake. Namba ya crf ndiyo usukani wa ubora: ukiipunguza, picha inakuwa safi zaidi na faili linakuwa kubwa. Na yuv420p usiisahau, kwa sababu bila hiyo video inaweza kukataa kucheza kwenye simu za ndugu utakaowatumia.

Kabla ya hapo, safisha. Amri ya find /mnt/diski/picha -name '*.jpg' -size -20k inaorodhesha picha ndogo kupita kiasi, ambazo aghalabu ni mbovu. Zihamishe kwenye folda la pembeni, usizifute. Jumapili ambazo hapakuwa na kazi unaweza kuziruka. Ukitaka kasi nyingine, badilisha 9 iwe 5 au 15 na uendeshe amri tena. Utafanya hivyo mara nyingi kadiri upendavyo, kwa sababu picha za awali hazijaguswa.

Haki za wanaopigwa picha

Kamera ya mtandao ni kompyuta yenye jicho, na asiyeifunga vizuri anawaweka wengine hatarini. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingine kwa maelfu, kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani, kisha ikazitumia kuzimisha huduma kubwa za intaneti. Kwa hiyo badilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza. Mfungulie ffmpeg akaunti yake, yenye ruhusa ya kutazama tu, kama mtazamaji wa mfano wetu. Na usiifungulie kamera mlango kwenye ruta ili ionekane kutoka nje. Picha zitatoka kupitia kompyuta, na hiyo inatosha.

Upo pia wajibu kwa watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Waambie mafundi kwamba kamera ipo, inapiga lini, na picha zinakwenda kwa nani. Bandika kibao getini. Ielekeze kamera kwenye kiwanja chako, na kwa kutumia mpangilio wa kuficha maeneo, uzibe ua na madirisha ya jirani. Fundi anayejua kwa nini anapigwa picha hufanya kazi kwa amani, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuomba nakala ya video, kwa kuwa ni ushahidi wa mikono yake.

Ukikamilisha yote haya, jaribu mfumo wako nyumbani kwa wiki moja kabla ya kuupeleka saiti. Kila jioni hesabu picha za siku: zikiwa 156, mambo yako sawa, zikipungua, tafuta sababu siku hiyohiyo. Zima umeme kusudi, chomoa diski kusudi, uone kama mfumo unaamka wenyewe. Video unaweza kuitengeneza mwaka ujao na ukaifanya upya mara kumi, lakini msingi unachimbwa mara moja tu. Hakikisha kamera iko juu na inapiga kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.